Kadhi na Mmisionari: Chimbuko la Mazungumzo ya Dini katika Lugha ya Kiswahili

Waandishi wengi wanaozungumzia maelewano baina ya dini huanza safari yao Ulaya. Hutaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano na tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 kuhusu dini zisizo za Kikristo, kisha huteremka hadi Afrika kana kwamba huku kwetu watu wa dini mbalimbali walikuwa wakipishana njiani bila kusemezana mpaka walipopewa ruhusa. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili mpango huo wa historia haukubaliki. Lugha hii ilikuwa imekwisha kuwakalisha Mwislamu na Mkristo kwenye meza moja zaidi ya miaka mia moja kabla ya Mtaguso huo, na athari za kikao hicho zimo katika kila sentensi tunayotunga juu ya Mungu, dhambi, haki na msamaha. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea Mombasa na Unguja katika karne ya 19, msamiati gani ulipatikana, na msamiati huo ulifanya kazi gani dini zilipoingia katika mabishano ya katiba ya Kenya.

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba Mombasa haikuwa mji uliokuwa ukiusubiri Ukristo kwa mikono miwili. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na jina lenyewe la ngome lilitosha kuwaambia wenyeji kwamba mzinga na msalaba vilikuja katika jahazi moja. Yusuf bin Hasan, mtoto wa sultani wa mji huo, alipelekwa Goa akiwa mdogo, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kutawala kwa niaba ya Wareno. Mwezi Agosti 1631 aliukana Ukristo, akamuua kapteni wa ngome, na baada yake wakauawa mapadri na Wakristo wengine, Wareno na Waafrika. Ngome ilianguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Yaliyobaki ya zama hizo ni kuta za mawe, maneno machache kama vile padre, na kumbukumbu isiyokuwa nzuri.

Katika mji huo ndimo alimoingia Johann Ludwig Krapf mwaka 1844. Alikuwa Mjerumani mtumishi wa chama cha kimisionari cha Uingereza, naye alikuja baada ya kufukuzwa Uhabeshi. Alipitia Unguja kwanza, na Sayyid Said bin Sultan akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, akiwataka wampokee kwa wema kwa kuwa ni mtu wa dini. Jambo hili halisisitizwi ipasavyo katika vitabu vya historia ya Kanisa. Mmisionari wa kwanza wa karne hiyo aliingia pwani ya Kenya kwa hisani ya mtawala Mwislamu wa madhehebu ya Ibadhi, aliyekuwa akitawala raia walio wengi Washafi. Mwezi Julai mwaka huohuo mkewe Krapf, Rosine, na mtoto wao mchanga walifariki kwa homa, na makaburi yao yakawa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Lakini kabla ya msiba huo kazi ilikuwa imekwisha anza. Tarehe 8 Juni 1844, kwa maelezo yake mwenyewe, Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Mohiddin, kadhi wa Mombasa. Sura tatu za kwanza zilichapwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la chama cha wataalamu wa lugha za Mashariki. Kwa hiyo maneno ya Kiswahili ya kuumbwa kwa mbingu na nchi, ya Adamu, mwanamke na nyoka, yalipofika kwenye matbaa kwa mara ya kwanza yalikuwa yamepita katika kinywa cha hakimu wa sheria ya Kiislamu.

Kwa nini kadhi alikubali? Habari zote tulizo nazo juu ya kikao hicho zatoka kwa Krapf, naye hakuwa shahidi asiye na upande. Kuna wanaodhani kwamba kadhi hakujua alichokuwa akikisaidia. Mimi sioni sababu ya kumdhania ujinga mtu aliyekuwa akisoma Kiarabu, akihukumu kesi za ndoa na mirathi, na akimwona mgeni wake kila siku. Taurati kwa Mwislamu ni kitabu kilichoteremshwa na Mungu, hata ikiwa ataamini kwamba nakala walizo nazo watu zimebadilishwa. Mgeni alikuja na barua ya Sultani. Zaidi ya hayo, mwanachuoni yeyote hufurahi kuulizwa juu ya lugha yake. Kadhi alijua kisa cha Adamu kabla Krapf hajakifungua kitabu. Kilichokuwa kipya kwake ni kukisema neno kwa neno katika lugha ambayo yeye na wenzake waliitumia kwa mashairi na tendi, wakiiachia Kiarabu elimu ya dini.

Hata hivyo tusiyapambe mazungumzo hayo. Krapf alikuja kuwageuza watu dini, wala hakulificha kusudi hilo. Katika sarufi yake iliyochapwa Ujerumani mwaka 1850 alitetea kuandika Kiswahili kwa hati za Kirumi badala ya hati za Kiarabu, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba hati za Kiarabu zingeuacha mlango wazi kwa Uislamu. Mtu huyu alijifunza lugha kutoka kwa wenye hati, kisha akapendekeza hati yao iachwe. Na kumbe ndiye aliyepeleka Ujerumani miswada ya tendi za Kiswahili iliyoandikwa kwa hati hiyohiyo, ambayo bila yeye pengine ingeliwa na mchwa.

Mfano wa pili ni wa Unguja, nao una mafunzo mengi zaidi. Edward Steere alifika huko mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza. Kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870, na katika dibaji yake aliwataja kwa shukrani wenyeji waliomfundisha. Mmoja wao ni Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, aliyepewa ukadhi wa Kilwa angali kijana, kisha akawa miongoni mwa maulamaa wakubwa wa Unguja hadi alipofariki mwaka 1896. Sheikh huyu alijitolea kumfasiria Steere Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora na safi kabisa. Kazi ilifika Zaburi ya 16 ikasimama. Sababu alizozitoa Steere ni mbili: Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na lugha yake ilikuwa ya kitaalamu mno kwa kazi iliyokusudiwa. Hata hivyo Steere alizichapa Zaburi hizo, ziwe ukumbusho wa wema wa Sheikh na kielelezo cha Kiswahili ambacho mwanachuoni mkubwa wa Unguja alikiona kuwa fasaha.

Sababu ile ya pili ndiyo ya kutazamwa. Wanafunzi wa misheni ya Unguja walikuwa hasa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya pili au ya tatu. Al-Amawi alifasiri kwa ajili ya sikio la mwanachuoni. Steere alitaka sikio la mtumwa aliyekombolewa. Katika ugomvi huu usio na kelele mtu aweza kuuona mgawanyiko wa jamii nzima ya Unguja ya wakati ule, ungwana upande mmoja na utumwa upande wa pili. Kanisa kuu la Steere lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na lilijengwa juu ya uwanja wa soko hilo. Wakati huohuo al-Amawi na wamisionari walikuwa wakijadiliana waziwazi juu ya dini, kila upande ukishikilia hoja zake. Kusaidiana katika tafsiri hakukuwazuia kubishana, wala kubishana hakukuwazuia kusaidiana.

Wasomaji wa jarida kama hili hawahitaji kukumbushwa kwa kirefu habari za William Taylor wa Mombasa na mwalimu wake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Itoshe kusema kwamba mkusanyo wa mashairi ya Muyaka bin Haji ulipatikana kwa ushirikiano wa Mwislamu huyo na mmisionari huyo, ambaye asubuhi angeweza kuhubiri sokoni dhidi ya imani ya watu ambao jioni aliwaendea kuuliza maana ya neno.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Wafasiri wa Biblia walikuta lugha ambayo imekwisha kuwa na nabii, malaika, shetani, imani, dhambi, toba, rehema, neema, ibada, sadaka, baraka na dini. Hawakuyatupa. Hata palipohitajika majina ya mambo ya Kikristo hasa, mara nyingi walichukua maneno ya Wakristo wa Kiarabu: kanisa, msalaba, askofu, kasisi. Lakini jina lililo kubwa kuliko yote halikutoka Uarabuni. Mungu ni neno la Kibantu, ndugu wa Mulungu wa lugha nyingi za Afrika ya Mashariki, nalo lilikuwa limekwisha kutumiwa na Waislamu wa pwani kwa karne nyingi kabla ya Krapf kuja. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alipoifasiri Kurani yote, katika chapa iliyotolewa Nairobi mwaka 1969, alimwita Mwenyezi Mungu, na Mkristo hutamka vivyo hivyo kanisani. Kuna nchi ambamo mahakama zimeshughulishwa na swali la nani ana haki ya kulitumia jina la Mungu. Kwa Waswahili swali hilo halikupata nafasi ya kuulizwa.

Hata hivyo kushirikiana neno si kushirikiana maana. Neno mtume limetokana na kutuma. Mwislamu akisema Mtume, bila kuongeza jina, amemkusudia Muhammad. Mkristo akisoma Matendo ya Mitume anawafikiria Petro, Paulo na wenzao. Sala ya Mwislamu ina rakaa, rukuu na sijida, na maombi ya moyoni yaitwa dua. Mkristo anaposema anasali, kwa mizani ya jirani yake Mwislamu yeye anaomba dua. Pengine ndiyo sababu katika miaka ya karibuni Waislamu wengi wameshika kuandika swala, kana kwamba wameweka herufi moja mlangoni iwe bawabu. Neno kuhani nalo lina kisa chake. Katika Biblia ya Kiswahili ndiye mwenye kutoa dhabihu hekaluni, mtu wa heshima. Lakini katika Kiarabu cha Kurani kahini ni mpiga ramli, na sura ya 52 na ya 69 zinakanusha kwamba Muhammad ni mmoja wao. Mwislamu anayejua Kiarabu akisikia kwamba Haruni alikuwa kuhani mkuu hana budi kushtuka kidogo.

Hata jina la Yesu lina historia. Agano Jipya la Kiunguja lililotokana na kazi ya Steere lilimwita Isa Masiya. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, iliyokusudiwa kuwaunganisha Wakristo wa Kiunguja na wa Kimvita, ilishika Yesu Kristo. Wakristo waliungana, na kwa kuungana kwao wakalibomoa daraja moja dogo lililokuwa likiwaunganisha na wengine. Sisemi kwamba walikosea. Kila jamii ina haki ya kumwita mkombozi wake kwa jina inalolipenda. Nasema tu kwamba uchaguzi huo ulikuwa na gharama, na gharama yenyewe haikulipwa na waliochagua peke yao.

Kuna mtu wa tatu ambaye hakukaribishwa kwenye meza. Krapf alihamia Rabai mwaka 1846 na kukaa miongoni mwa Mijikenda, waliokuwa na kaya zao, wazee wao na ibada zao. Kadhi na mmisionari walitofautiana kwa mengi, lakini walikubaliana kwamba walichokuwa nacho watu hao hakikustahili kuitwa dini. Kikaitwa mila, au ushirikina. Pepo waliokuwa wakitambuliwa kwa majina na kuchezewa ngoma zao waliingia katika Injili ya Kiswahili kuwa pepo wachafu tu. Misitu ya kaya iliorodheshwa mwaka 2008 miongoni mwa urithi wa dunia, lakini katika Kiswahili cha kila siku dini bado ni jina la vitu vyenye kitabu. Mtu anayeyasifu maelewano ya dini mbili asisahau kwamba wakati mwingine wawili huelewana juu ya mgongo wa wa tatu.

Baada ya 1900 mazungumzo yaligeuka kuwa majibizano ya kuchapishwa. Mwaka 1923 kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Unguja alitoa tafsiri ya Kurani yote kwa Kiswahili, pamoja na maelezo yaliyoandikwa kwa jicho la mpinzani. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba Kurani nzima ilianza kusomwa katika Kiswahili kilichochapwa kwa kalamu ya Mkristo. Waislamu hawakunyamaza. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha Mombasa karatasi ya Al-Sahifa mwaka 1930 na gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akiandika Kiswahili juu ya elimu, mwenendo na mambo ya umma, naye akaanza tafsiri yake mwenyewe. Wahubiri wa Ahmadiyya wakatoa yao mwaka 1953, na tafsiri ya al-Farsy ikawajibu Dale na Ahmadiyya kwa pamoja. Msomaji atatambua kwamba ugomvi wote huu ulikuwa na faida moja kwa lugha: ulivivuta Kiswahili vitabu vya elimu ya dini ambavyo hapo zamani vingalibaki katika Kiarabu au Kiingereza. Miaka ya 1980 ilileta mihadhara ya hadharani Tanzania na kisha Kenya, ambamo wahubiri wa Kiislamu walisimama na Biblia ya Kiswahili mkononi wakiitolea hoja aya kwa aya. Mihadhara hiyo ilichochea uhasama mara nyingi. Lakini haingewezekana hata kidogo kama pande mbili zisingekuwa na msamiati mmoja wa kugombania.

Msamiati huohuo ndio uliowawezesha viongozi wa dini kusema pamoja mbele ya dola. Wimbo wa taifa wa Kenya wa mwaka 1963 unaanza kwa kumwomba Mungu, na hakuna raia mwenye kitabu anayehitaji kubadili neno lolote ili auimbe. Katika miaka ya 1980 na 1990, vyama vya upinzani vilipokuwa vimezimwa au bado dhaifu, makanisa yalikuwa miongoni mwa mahali pachache pa kusemea. Maaskofu kama Henry Okullu, David Gitari, Ndingi Mwana a'Nzeki na Alexander Muge, aliyefariki katika ajali ya barabarani Agosti 1990, walizungumza juu ya haki na dhuluma, maneno ambayo mahubiri ya Ijumaa yalikuwa yakiyatumia miaka yote.

Kilele kilikuwa Desemba 1999. Bunge lilipoamua kuuchukua mpango wa kuirekebisha katiba uwe chini ya kamati yake, viongozi wa dini na mashirika ya kiraia zaidi ya 50 walikutana katika jumba la Ufungamano, Nairobi. Walikuwamo Baraza la Makanisa, Maaskofu wa Kikatoliki, Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya lililoundwa mwaka 1973, na Baraza la Wahindu. Vuguvugu lao likachukua jina la jumba: Ufungamano. Jina hilo liliwafaa sana, kwa maana kufungamana si kuwa kitu kimoja. Kamba mbili zilizofungamana bado ni kamba mbili. Mwaka 2000 waliunda Tume ya Watu chini ya uenyekiti wa Oki Ooko Ombaka, ikaanza kukusanya maoni ya wananchi sambamba na mpango wa serikali. Profesa Yash Pal Ghai, aliyeteuliwa kuiongoza tume ya serikali, alikataa kula kiapo mpaka pande mbili zijaribu kupatana, na mwaka 2001 tume hizo zikaunganishwa. Kwa maoni yangu hakuna tukio lingine katika historia ya Kenya ambamo dini zimekaa pamoja kwa muda mrefu hivyo kwa ajili ya jambo lisilo la dini yoyote.

Kisha likaja neno moja likawatenganisha. Mahakama za Kadhi zilikuwako pwani kabla ya Waingereza. Zilihifadhiwa katika mkataba wa 1895 baina ya Waingereza na Sultani wa Unguja kuhusu ukanda wa maili kumi, na tena katika mapatano ya 1963 ukanda huo ulipounganishwa na Kenya. Kwa Waislamu hiyo ilikuwa ahadi. Kwa viongozi wengi wa makanisa, kuzitaja katika katiba mpya kulikuwa ni kuipendelea dini moja. Rasimu ya 2005 ilijaribu kuwaridhisha wote kwa kutoa nafasi kwa mahakama za Kikristo na za Kihindu pia, suluhisho ambalo, nasikitika kusema, halikuombwa na karibu mtu yeyote. Ilikataliwa katika kura ya maoni tarehe 21 Novemba 2005, ingawa si kwa sababu ya jambo hilo peke yake. Mwezi Mei 2010 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na wachungaji mwaka 2004, iliamua kwamba kuziweka mahakama hizo katika katiba ya zamani kulipingana na usawa wa dini. Tarehe 4 Agosti 2010 wananchi waliipitisha katiba mpya kwa zaidi ya asilimia 66 ya kura, makanisa mengi makubwa yakiwa yamepiga kampeni ya kuikataa. Kifungu cha 8 chasema kwamba hakuna dini ya dola. Kifungu cha 170 chaziweka Mahakama za Kadhi, kwa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na kwa Waislamu tu wanaokubali wenyewe kuhukumiwa huko.

Katika miezi ile ya kampeni neno kadhi lilitamkwa katika makanisa mengi kana kwamba ni neno geni lililoletwa kutoka ng'ambo. Waumini waliokuwa wakisikiliza walikuwa na Biblia ya Muungano mapajani. Katika Biblia hiyo, Injili ya Luka sura ya 18 ina mfano wa mjane aliyemwendea hakimu tena na tena akidai haki yake mpaka akapewa. Hakimu huyo, katika Kiswahili cha mwaka 1952, anaitwa kadhi.